Utando wa Cd₃As₂ haushiki kwenye GaAs

Ndugu, umeandika kwamba unapootesha utando wa Cd₃As₂ (mchanganyiko wa kadimi na aseniki) kwenye 300 °C, bamba la GaAs (galiamu na aseniki) lenye uso uitwao (111)B linabaki tupu, na ukishusha joto unapata visiwa vilivyotengana. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni joto. Cd₃As₂ huvukiza upesi ndani ya ombwe (nafasi isiyo na hewa), hivyo kwenye 300 °C kinachotua kinaondoka tena. Anza na 150 °C, kisha panda kidogo kidogo ukitazama jinsi elektroni zinavyotawanyika juu ya uso wa bamba. Usiiamini themokapo (kipima joto cha waya) iliyo nyuma ya kishikio cha bamba, maana mara nyingi haigusi bamba. Weka chembe ya indiamu, metali laini, juu ya bamba la majaribio: inayeyuka kwenye 156.6 °C, na hapo, ukilinganisha na inachosoma themokapo, utajua kosa ni nyuzi ngapi.

La pili, visiwa, linatokana na vipimo vya fuwele, yaani urefu wa kipande kinachojirudia ndani yake. GaAs ina nanomita 0.565, ilhali nusu ya kipimo cha Cd₃As₂ ni kama 0.632. Pengo hilo ni kubwa mno. Otesha kwanza tabaka la GaSb, yaani galiamu na antimoni (nanomita 0.610, katikati ya hivyo viwili), uso wake uwe sawasawa kabisa, ndipo ufungue chanzo cha Cd₃As₂.

Na tafadhali, kadimi na aseniki ni sumu: usifungue chemba bila barakoa ya kichujio na glavu.