Imani ilipita kwa mdomo kabla ya Injili kuandikwa

Je, Wakristo wa kwanza walisubiri Injili ziandikwe ndipo wahubiri? Hapana, hawakusubiri. Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ya kwanza, inakadiriwa kuandikwa karibu mwaka 70, miaka kama 40 baada ya kifo cha Yesu. Muda wote huo watu walifundishana kwa mdomo, na wengi wao hata kusoma hawakujua.

Fungua 1 Wakorintho 15:3-5. Paulo, akiandika miaka ya 50, anasema anawapa yale aliyoyapokea yeye mwenyewe: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa (yaani Petro). Sikiliza ile "na ya kuwa… na ya kuwa" inavyojirudia. Hayo ni maneno ya kukaririwa, kama wanafunzi wa katekisimu wanavyoshika Nasadiki, yaani kanuni ya imani. Tena hata baada ya vitabu kuwepo, askofu Papia wa Hierapoli, mwanzoni mwa karne ya 2, bado alisema sauti hai inamfaa kuliko vitabu (Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, ndiye aliyetuhifadhia maneno hayo).

Ila si kwamba hawakuwa na maandiko kabisa. Maandiko ya Kiyahudi, tunayoyaita Agano la Kale, waliyasoma kwa sauti walipokusanyika.