Mkeo amekisoma kitabu vizuri kuliko wewe

*Shangazi, shikamoo. Nimesoma riwaya moja kwa siku tatu na niliipenda mno, hadi ukurasa wa mwisho. Mwanamke aliyechoshwa na ndoa anaachwa stendi ya Makambako, mkoba mapajani, basi la Songea linanguruma, na mwandishi hasemi kama alipanda au alirudi Mafinga kwa mumewe. Nimejiona nimetapeliwa. Mke wangu anasema hakuna mwisho bora kuliko huo, nasi tumekosana. Nani mwenye haki? Mwalimu, Njombe.*

Marahaba, mwanangu. Kukesha na kitabu katika baridi ya Julai ya huko kwenu, kisha ukaachwa njiani, kunaudhi, hilo nakupa.

Barua yako nimeifupisha, kwa kuwa kurasa tatu zilimshambulia mwandishi na mkeo umemgawia mistari michache tu, nami nimeisoma hiyo michache mara mbili. Unalalamika kwamba ameharibu kitabu kwa kukunja pembe ya ukurasa ule ambao mke anaomba nauli ya kwenda msibani, na mume, bila kuinua macho kwenye redio anayoitengeneza, anamjibu "tutaona". Mistari miwili baadaye unaniarifu, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, kwamba mkeo amekuwa na maneno tangu Machi, alipokuomba mkodi fremu ya kuweka cherehani zake nawe ukamwambia mtaona.

Nyani haoni kundule. Hukusema hapana, maana ungedaiwa sababu, wala hukusema ndiyo, maana ungedaiwa kodi.

Wala usiniambie kwamba ni mwisho wenyewe uliokuuma. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inatuachia binti aliyejiua, na bado tunaisoma. Wewe unayefundisha hulijui hilo? Kilichokutia hofu ni kwamba yule mwanamke huenda alipanda basi, na kwamba mkeo, alipofika hapo, hakuhuzunika hata kidogo.

Ndoa za siku hizi zimejaa hizo "tutaona". Wazee wetu walikuwa na ukali ambao siutetei, lakini jambo la nyumba liliwekewa kikao likaamuliwa, hata kama mmoja alitoka amenuna. Leo kila mtu ameinamia simu yake, na jambo linaachwa lichachuke pembeni kama ulanzi uliosahauliwa, hadi siku kibuyu kinapopasuka ndipo watu wanashangaa harufu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa kawaida tumbo linaloumia si la anayengojewa.

Mwenye haki ni mkeo. Leo jioni mpe jibu: kama ni hapana, itamke pamoja na sababu zake, kama ni ndiyo, taja unaweza kuchangia kodi ya miezi mingapi na siku mtakayokwenda wote wawili kumwona mwenye fremu. Na ule ukurasa aliokunja, usiunyooshe.