Maswali ya Wasomaji: Kadi za Sauti za Zamani

Asalaam aleikum. Nimenunua kompyuta chakavu mbili zilizotolewa ofisini. Ndani ya moja nimekuta kadi ndefu ya sauti imeandikwa CT1740. Ni ya thamani? Nataka kuihamishia kwenye Pentium 4 yangu. – Msomaji, Ujiji

Wa aleikumu salaam. Umeokota kitu, ndugu yetu. CT1740 ni Sound Blaster 16 ya mwanzo, iliyotoka 1992. Ukikusanya kadi za Creative, kampuni inayotengeneza Sound Blaster, soma namba ya CT kwanza, jina la kwenye boksi baadaye, maana chini ya jina “Sound Blaster 16” zimepita kadi nyingi zisizofanana. CT1330 ni Sound Blaster Pro ya kwanza, yenye chipu mbili za muziki za Yamaha YM3812. CT1600 ni Pro 2, yenye chipu moja ya YMF262, yaani OPL3. Na kwenye yako itafute hiyo hiyo YMF262. Kadi kadhaa za baadaye ziliwekewa mwigo wa chipu hiyo uitwao CQM, na muziki wa magemu ya DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows) humo hulia kama bati. Ukiuziwa ya CQM kwa bei ya OPL3, umepigwa.

Kuhusu Pentium 4: fungua kasha utazame. Kadi hii inataka tundu la ISA, yaani tundu la kadi la aina ya zamani, refu na jeusi, lenye sehemu mbili. Matundu meupe mafupi ni ya PCI, aina iliyofuata, na Pentium 4 nyingi zina hayo tu. Hakuna adapta ya bei rahisi ya kukuokoa hapo. Tafuta Pentium II au III yenye angalau tundu moja la ISA.

Kabla ya kuichomeka, safisha meno ya dhahabu kwa ufutio mweupe wa penseli, kisha futa kwa spiriti isiyo na mafuta. Msasa usiuguse. Dhahabu ile ni utando tu. Ikikwanguka, shaba ya chini itaota kutu kwa unyevu wa huko ziwani.

Sound Blaster 16 yangu inanguruma na kutoa “shiii” muda wote. Nikivaa hedifoni, upande wa kushoto uko chini na hauna besi. Fundi redio anasema tung’oe kapasita zote. Ni kweli? – Msomaji, Isevya, Tabora

Una magonjwa matatu, na moja tu ndilo la kapasita. Mwambie fundi aweke solda chini kwanza.

“Shiii” mara nyingi inatoka kwenye mixa. Ingia kwenye programu ya mixa, uzime maikrofoni, Line na CD kama huzitumii. Kila mlango ulioachwa wazi unaongeza mchirizo wake. Halafu tazama sehemu ya gain, yaani ukuzaji wa sauti: ina hatua za 1, 2, 4 na 8. Iweke 1, sauti uiongeze kwenye amplifaya. Kadi nyingi za aina hii zina amplifaya ndogo ya kuendeshea spika. Kama yako ina jampa (vipini vyenye kofia ndogo za kuhamisha) za kuiruka amplifaya hiyo, zitumie.

Mngurumo ni suala la ethi. Chomoa waya unaokwenda kwenye amplifaya ya nje, usikilize kwa hedifoni moja kwa moja kwenye kadi. Mngurumo ukitoweka, kadi haina kosa. Soketi isiyo na ethi huacha bodi ya chuma ya kompyuta ikielea karibu nusu ya volti 230. Ndiyo ile inayokutekenya vidole ukiigusa. Nguvu yake ni ndogo, lakini ikipitia waya wa sauti inanguruma. Mwite fundi umeme afunge ethi ya kweli. Kadi haitakutibia hilo.

Sasa besi ya kushoto. Kila upande una kapasita ya elektrolaiti kwenye njia ya kutokea. Ikikauka, uwezo wake hushuka. Kapasita ya µF 100 ikiendesha hedifoni ya omu 32 inaanza kukata chini ya herzi 50. Ikishuka hadi µF 10, inakata chini ya herzi 500, na besi yote imekwenda. Jaribu hivi: peleka sauti ile ile kwenye amplifaya yenye mlango wa kilo-omu 10. Besi ikirudi, mshitakiwa ni kapasita, kwa sababu mzigo huo ni mwepesi mno kuonyesha ugonjwa wake.

Badilisha ya kushoto na ya kulia pamoja, zisipishane. Nunua za µF ile ile, volti ile ile au zaidi, za nyuzi 105, na upime unene, maana nafasi kati yao ni finyu. Mkanda wenye alama ya kutoa uelekee ulikoelekea ule wa zamani. Piga picha kabla. Pasi iwe nyuzi 320 hadi 350. Mguu uliounganishwa na ethi unanyonya moto, na hapo ndipo wengi huvuta kwa nguvu wakang’oa pete ya shaba pamoja na mguu. Ongeza kwanza risasi mpya, pasha mguu mmoja ukiinamisha kapasita kidogo, hamia wa pili, rudia hadi itoke yenyewe. Tundu lisafishe kwa utambi wa shaba. Kung’oa zote thelathini kwa ajili ya moja ni kununua mikwaruzo.

Gemu la DOS linapiga muziki vizuri, lakini milio ya risasi na watu haisikiki. Kadi mbovu? – Msomaji, Mwanga, Kigoma

Si mbovu. Muziki wa chipu ya OPL hauhitaji IRQ (namba ambayo kadi huitumia kuiita prosesa) wala DMA (njia ya kupitisha data moja kwa moja kwenye kumbukumbu). Milio inazihitaji zote mbili. Muziki ukiwepo bila milio, kuna mgongano. Inawezekana IRQ 7 imekabidhiwa kadi, na hiyo ni ya mlango wa printa. Ihamishie 5, kisha kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri ambalo DOS hulisoma ikiwaka, uandike:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6

A ni anwani ya kadi, I ni IRQ, D na H ni DMA, P ni mlango wa MIDI, T ni aina ya kadi. Namba hizi zifanane na zilizowekwa kwenye kadi yenyewe na ulizochagua kwenye gemu. Kuandika mstari tu hakuibadilishi kadi.

Kadi yangu ya Sound Blaster AWE32 ina matundu mawili ya RAM. Niweke ngapi? – Msomaji, Gungu, Kigoma

Weka SIMM (vibao vya RAM vya zamani) mbili za pini 30, zinazolingana, za nanosekunde 80 au pungufu. Mbili za MB 4 zinakupa MB 8, na zinatosha. Mbili za MB 16 ni MB 32 lakini kadi inatumia 28 tu. Usisahau jampa ya kumbukumbu. Isipohamishwa, kadi itaendelea na KB 512 zake za ndani kama vile hukuweka kitu. RAM hii ni ya kupakia SoundFont, yaani mafaili ya sauti za ala za muziki, na magemu mengi ya DOS hayataigusa.