Maswali ya Wasomaji: Nisubiri Toleo la Prosesa Mpya?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili na ninafanya utafiti wa ubwiriunga wa mikorosho katika mashamba ya Newala na Tandahimba. Nimenunua kompyuta mpakato ya Apple iliyokwishatumika, yenye prosesa ya M1, ya Apple wenyewe na si ya Intel. R, ile programu ya takwimu, imekubali na programu nyingine zote zinafanya kazi, isipokuwa kifurushi kimoja cha kukadiria uenezi wa ugonjwa nilichopewa na msimamizi wangu. Sehemu yake ya hesabu iliandikwa kwa Fortran, lugha ya kuandikia programu za hesabu, na ikakompailiwa (yaani ikageuzwa kuwa maagizo ya prosesa) zamani kwenye kompyuta ya Intel. Msimamizi anasema nisubiri toleo jipya. Je, nisubiri, au niiuze kompyuta?
Msomaji, Mtwara Mjini

JIBU: Ndugu msomaji, kompyuta usiiuze, na wala usikae kusubiri kabla hujajua ni nani hasa anayelitengeneza hilo toleo jipya.

Kwanza fungua R, andika sessionInfo() na utazame mstari wa Platform. Ukianza na aarch64, R uliyonayo imetengenezwa kwa ajili ya prosesa ya M1, ilhali kifurushi chako ni cha x86_64, yaani cha Intel. Apple waliweka mkalimani aitwaye Rosetta 2, anayegeuza maagizo ya Intel ili M1 iyaelewe, lakini mkalimani huyo hushika programu nzima. Hawezi kuiacha R ya aarch64 ipakie ndani yake maktaba ya x86_64, kama ile sehemu ya hesabu ya kifurushi chako. Ndiyo maana programu nyingine za Intel zinafunguka na hiki kinagoma. Kwa hiyo pakua kutoka CRAN, ghala rasmi la R mtandaoni, R iliyotengenezwa kwa ajili ya Mac za Intel, ya mfululizo ule ule aliotumia msimamizi wako, kisha usakinishe upya ndani yake vifurushi vyote unavyovihitaji kwa kazi hiyo. Itakwenda polepole kidogo, lakini kwa data za mashamba ya mikorosho sidhani kama utajali.

Huenda unajiuliza kwa nini programu za sayansi huchelewa hivi. Apple walitangaza kuachana na Intel mwezi Juni 2020 na kompyuta za kwanza za M1 zikatoka Novemba mwaka huo huo. R iliyotengenezwa rasmi kwa ajili yake ikaja na toleo la 4.1.0, Mei 2021. Kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa kompaila ya Fortran, kwa sababu hesabu za matriki ambazo R inazitegemea zimeandikwa kwa lugha hiyo, na wakati ule kompaila huria iliyokuwepo kwa M1 ilikuwa bado ya majaribio. Hata baada ya kupatikana, haikutosha programu kufunguka tu. Ilibidi majibu yake yahakikiwe. Chukua mti ambao hukuupima kwa sababu mvua ilikukatiza. Katika R unauandika NA, na ndani ya kompyuta NA hiyo ni namna ya pekee ya “si namba” iliyobeba alama ya 1954. Prosesa ikiipoteza alama hiyo katikati ya hesabu, mti usiopimwa utaonekana kama kosa la ukokotoaji, na hakuna ujumbe wowote utakaokuonya. Wenye kutengeneza R walilazimika kulichunguza jambo hilo kabla ya kuwaruhusu watu waitumie.

Kuna na tofauti ndogo zaidi. Prosesa za Intel zina namba za biti 80, ambazo R huzitumia inapojumlisha; kwenye Mac za M1 aina hiyo ya namba ina biti 64 tu. Tarakimu za mwisho kabisa za wastani zinaweza kupishana, na hilo si kosa. Zikipishana tarakimu za mwanzo, simamisha kazi.

Hata hivyo, Rosetta haitadumu. Apple walitangaza mwaka 2025 kwamba itapatikana kikamilifu hadi toleo la 27 la macOS, mfumo endeshi wa kompyuta zao, na baada ya hapo itabaki sehemu tu kwa ajili ya michezo ya zamani. Usiharakishe basi kupandisha mfumo wa kompyuta kabla hujamaliza tasnifu.

Sasa mwandikie msimamizi wako, kwa adabu zote anazostahili, umuulize kama anayo mafaili ya msimbo chanzo, yale yanayoishia na .f au .f90. Akiwa nayo, kompaila ya Fortran ya M1 ipo kwenye tovuti ya R kwa watumiaji wa Mac, na unaweza kukikompaili kifurushi mwenyewe bila kumngoja mtu. Akiwa ameyapoteza, hakuna toleo jipya litakalokuja labda mtu aandike hesabu hizo upya, na ni afadhali ulijue hilo mwezi huu. Kwa vyovyote vile, muombe faili moja ya data pamoja na majibu aliyoyapata kwenye kompyuta yake ya Intel, upate cha kulinganisha na yako.