Vifaa vimeongezeka, kasi imekwisha

Ndugu, unasema mtandao wenu wa redio zinazopokezana data bila mnara ulikuwa mwepesi kwa vifaa 10, sasa kwa 40 unajikokota. Hukukosea kufunga. Kila kifaa hubeba pia mizigo ya wenzake, na mmoja akisema majirani hunyamaza. Watafiti wa mitandao Gupta na Kumar walilikokotoa mwaka 2000: hata mkipanga vizuri kabisa, fungu la kasi ya data la kila kifaa hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Vifaa mara 4, fungu nusu. Kwa kawaida hupungua zaidi. Usiongeze nguvu ya kurusha (wengi hukimbilia hapo), utawanyamazisha wengi zaidi. Unganisha redio mbili tatu kwa waya, ili data iruke mara chache hewani.