Barua kwa mwanangu: alipanda boti kwa miguu yake

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Unasema yule mwanafunzi wako wa kidato cha pili, aliyeondoka na mama wa mgahawa, amerudi kutoka kisiwani, na walimu wenzako wanasema hakuuzwa kwa sababu alipanda boti kwa miguu yake, tena akicheka. Unaniuliza mimi naonaje.

Mwanangu, miaka 22 ninaanika dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, boti za ziwani zinapotia nanga, na sijawahi kuona msichana akipandishwa boti amefungwa kamba. Anakuja na mfuko wake mmoja, nyuma ya mwanamke mwenye maneno matamu, mara nyingi shangazi au jirani wa kijijini. Ameahidiwa kuuza uji kwenye kambi ya wavuvi. Kamba anaikuta hukohuko.

Mmoja alitoroka akalala kwangu siku nne. Alikuwa na miaka 16. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga karatasi aliyoichana katika daftari la mwajiri wake: nauli ya boti, sabuni, magauni mawili, sahani za wali, hata dawa ya malaria aliyomeza akiwa hajiwezi. Yote kwa peni nyekundu, na jumla chini. Mshahara haukuandikwa popote. Alipouuliza, aliambiwa deni litalipwa na wanaume wa usiku, na pesa yao ikapokelewa na mwenye mgahawa. Simu ilishachukuliwa, eti isiibiwe. Pande zote maji, nauli hana, nyumbani anaona aibu kurudi mikono mitupu. Hao walimu wakueleze angeondoka kwa miguu ipi.

Kabla ya huyo, nilikuwa nikiwaona mabinti wa namna hiyo wakishuka mwaloni nawaita malaya, kwa sauti, na wewe mdogo umekaa kwenye gunia unanisikia. Nisamehe. Pengine ndiyo maana wengi walipita hapa bila kuniomba hata maji.

Sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu imelimaliza hilo la kukubali. Kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa yake si utetezi, wala ridhaa ya mzazi wake. Kwa hiyo hata kama mama yake alipokea chochote akamfungia nguo, bado ni kosa. Kinachotafutwa ni nani alimchukua, nani alimpokea, na nani alikula pesa.

Usimhoji mbele ya wenzake. Usimuulize kwa nini alikubali; hilo ameshajiuliza usiku mwingi. Mpeleke hospitali mapema, hata kama hana jeraha la kuonekana, kisha nendeni pamoja Dawati la Jinsia na Watoto hapo polisi. Wakikuzungusha, piga 116, namba ya watoto, haina malipo. Kama ana ujumbe wa yule mama kwenye simu, usifutwe hata mmoja. Na mwalimu mkuu ahakikishe jina lake bado limo kwenye daftari la mahudhurio, maana msichana akikosa dawati darasani, yule mama atarudi kumchukua na safari hii hatahitaji hata kumdanganya.

Jumamosi nitavuka na kivuko cha Kamanga cha asubuhi. Mwambie kuna mama anakuja kukaa naye tu, hatamuuliza kitu.

Mama yako