Re: Kuzunguka Hell's Gate kwa baiskeli siku nzima

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kuzunguka Hell's Gate, ile hifadhi ya taifa karibu na Naivasha, Kenya, kwa baiskeli ya milimani. Inatosha sana, mradi uwe kwenye lango la Elsa linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.

Barabara ya kupita mnara wa Fischer, ule mwamba mrefu uliosimama peke yake, hadi korongo la Ol Njorowa ni rahisi. Kazi iko kwenye njia ya mzunguko iitwayo Buffalo: miinuko, vumbi la majivu ya volkano, jua bila kivuli. Huo uuanze mapema, ungali na nguvu.

Miiba ya migunga ndiyo adui mkubwa, kwa hiyo beba tyubu mbili, viraka na pampu. Maji yasipungue lita tatu kwa kila mtu. Usitegemee kuyapata njiani. Pundamilia na swala watakupisha wenyewe. Ukiona nyati, hasa dume aliye peke yake, simama mbali na umwachie njia, hata ikibidi kurudi ulikotoka.

Korongoni ingia na kiongozi tu. Mvua ikinyesha, au mawingu yakitanda huko juu, achana nalo kabisa; mafuriko yake ya ghafla yameshaua watu.

Mko wangapi, na baiskeli ni zenu au za kukodi?